Uchambuzi wa kisa: kadi sita, deni la dola 13,000, na ugomvi wa ipi ifungwe kwanza

Mhusika na hali aliyokuwa nayo

Kisa ni cha dada mmoja Mtanzania anayeishi Marekani, jimbo la kusini, kazi yake kuhudumia wazee kwenye nasingi homu na wikendi anadaka shifti za ziada zikipatikana. Tutamwita Mama K. Jina sio lake, jimbo sitalitaja, benki na maduka nayo nimeyaacha bila majina, na namba nimezizungusha kidogo ila uwiano wake ni uleule. Karidhia kisa chake kitumike kufundishia mana anasema kuna wenzake kibao wako kwenye shimo hilohilo na wanaona aibu kuuliza.

Alikuwa na kadi za krediti sita. Ya kwanza aliipata alipofika, ile ya kuweka dhamana, unawapa benki dola 300 zako wanakupa kadi ya limiti ya dola 300, ndo mwanzo wa kila mgeni kule kwa sababu historia yako ya mikopo ya nyumbani haivuki bahari hata uwe uliwahi kulipa mkopo wa benki Dar bila kuchelewa siku moja. Baadaye benki ikamrudishia dhamana na kumpandishia limiti. Zingine tano zikafuata taratibu, moja ya benki kubwa, moja ya safari yenye ada ya mwaka, moja ya kurudishiwa asilimia kidogo ya manunuzi, na mbili za maduka, fanicha na nguo.

Siku mimi na yeye tuliyokaa mezani kupanga madeni yake hali ilikuwa hivi:

Kadi ya 1, umri miaka 9, limiti 1,500, deni sifuri.
Kadi ya 2, benki kubwa, limiti 6,000, deni 4,800, riba 24.99%.
Kadi ya 3, ya safari, limiti 5,000, deni 2,300, riba 27.49%, ada ya mwaka dola 95.
Kadi ya 4, duka la fanicha, limiti 3,000, deni 1,900, "hakuna riba miezi 18".
Kadi ya 5, duka la nguo, limiti 700, deni 400, riba 32%.
Kadi ya 6, limiti 3,800, deni 3,600, riba 26.99%.

Jumla limiti dola 20,000, jumla deni dola 13,000, yaani katumia 65% ya limiti yake. Skoa, yaani ile alama wakopeshaji wanayopimia kama unaaminika kulipa, kwenye apu ilikuwa inasoma 648. Hajawahi kuchelewa kulipa hata mara moja, hilo tulishike mana ndo lililomwokoa huko mbele. Na lengo lake lilikuwa wazi, anataka kununua nyumba ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, amechoka kodi kupanda kila anaposaini mkataba mpya.

Ushauri aliokuja nao

Alikuwa ameshashauriwa na kila mtu. Shemeji yake alimwambia afunge kadi zote kesho asubuhi, madeni ni dhambi. Rafiki yake wa kazini akamwambia asifunge hata moja maisha yake yote, ukifunga kadi skoa inakufa. Afu kulikuwa na kampuni moja ya simu ya "kupunguza deni" iliyompigia mara kibao, wanamwambia aache kulipa kadi zote, awe anaweka kwao dola 350 kila mwezi, wao watazungumza na benki deni lipungue nusu.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaamua lake kimoyomoyo: aanze kuifunga Kadi ya 1. Sababu yake ilikuwa na mantiki kabisa ukiisikiliza, "hii haina deni, ni rahisi kufunga, nijisikie angalau nimepunguza moja". Nadhani watu wengi wanaanzia hapo, unafunga ile inayofungika.

Tulichokiona kwenye stetimenti

Kabla ya kuamua chochote tulifungua stetimenti zote sita, yaani taarifa ya kila mwezi ya kadi, sio apu, stetimenti yenyewe ya kurasa nne tano ambayo hakuna anayeisoma. Na ripoti za krediti kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, zinapatikana bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, hakuna haja ya kulipia mtu.

Kwanza Kadi ya 4, ya fanicha. Mama K alikuwa anaamini hana riba pale, mana kila mwezi mstari wa riba unasema sifuri. Kumbe chini kuna kimstari kingine kinaonyesha riba iliyoahirishwa, dola 731, inajikusanya kimyakimya tangu siku aliyonunua makochi. Mkataba wa namna hii unasema ukimaliza deni lote kabla ya tarehe ya mwisho husahaulika hiyo riba, ila ukibakiza hata dola 10 siku ile ikipita wanakushushia riba yote ya nyuma kwa mpigo. Alikuwa amebakiza miezi mitano na alikuwa analipa minimamu tu, kile kiwango cha chini kabisa wanachokudai kwa mwezi, ambayo isingemfikisha. Hii ni tofauti na kadi za 0% za kweli, zile muda ukiisha riba inaanza kwenye kilichobaki tu, hairudi nyuma, na ukweli ni kwamba ukiwa dukani umechoka na mtoto analia hutaijua tofauti.

Pili Kadi ya 6. Hii ndo aliyoiunganisha na apu ya kutuma pesa nyumbani. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na jedwali dogo la riba lenye mistari miwili, manunuzi 26.99% na kesh 29.99%, na mstari wa kesh ulikuwa na deni la dola 1,100. Yeye anasema hajawahi kwenda ATM na hiyo kadi. Ni kweli hajaenda, ila baadhi ya benki zinahesabu kutuma pesa kwa kadi ya krediti kama umetoa kesh, wanakukata ada kwa kila muamala, kwake ilikuwa 5% au dola 10 ile iliyo kubwa, na riba inaanza siku hiyohiyo bila zile siku za neema za manunuzi ya kawaida. Kibaya zaidi, sheria ya kadi ya mwaka 2009 inailazimisha benki kupeleka kwenye deni lenye riba kubwa kile unacholipa ZAIDI ya minimamu, minimamu yenyewe wanaweza kuipeleka kwenye riba ndogo. Kwahiyo mtu anayelipa minimamu kila mwezi ile dola 1,100 ya kesh imekaa tu pale inazaa.

Tukajumlisha riba inayoonekana kwa mwezi kwenye kadi ya 2, 3, 5 na 6: kama dola 247. Hiyo ndo namba iliyomfanya anyamaze kidogo, ni karibu shifti mbili za usiku anafanyia riba tu.

Maamuzi, moja moja, na kwanini

*Kutoifunga Kadi ya 1.* Hapa tulibishana kidogo. Kuna mambo mawili hapa watu wanayachanganya. La kwanza ni umri wa kadi. Kwenye hesabu ya FICO, aina ya skoa wanayoitumia wakopeshaji wengi, kadi iliyofungwa ikiwa safi inabaki kwenye ripoti mpaka miaka 10 na umri wake unaendelea kuhesabiwa, kwahiyo ile hofu ya "nikifunga kadi ya zamani historia yote inafutika" sio kweli kwa haraka hivyo. La pili ni limiti, na hili linauma siku hiyohiyo. Kiasi unachodaiwa kinabeba kama 30% ya skoa ya FICO, na ndani yake kuna ile asilimia ya limiti uliyotumia. Angefunga Kadi ya 1, limiti inashuka kuwa 18,500, deni lilelile 13,000, kutoka 65% anaruka kwenye 70%. Na faida yake? Hakuna. Haina ada, haina deni. Ikabaki, tena tukaiwekea bili ndogo ya mwezi inayojilipa yenyewe ili benki isije ikaifunga kwa kukaa bila kutumika, mana huwa wanafanya hivyo bila kukuuliza.

*Kampuni ya simu, hapana.* Mtu ambaye hajawahi kuchelewa umwambie aache kulipa kwa makusudi? Historia ya malipo ndo 35% ya skoa, sehemu kubwa kuliko zote, na kuchelewa kunakaa kwenye ripoti miaka 7. Afu hata deni likipunguzwa, kile kilichosamehewa kikifika dola 600 benki inakiripoti kwa fomu ya 1099-C, na mamlaka ya kodi ya Marekani kwa kawaida inakihesabu kama kipato chako. Na wale wanaouza huduma hii kwa simu, taratibu za FTC, wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda wateja, tangu 2010 zinawakataza kuchukua ada kabla hawajamaliza hata deni moja, sasa hawa walitaka ya mwezi wa kwanza juu. Akawablok.

*Upatu kwanza kwenye fanicha.* Mama K yuko kwenye upatu wa wanawake kumi na mbili, na zamu yake ilikuwa imekaribia, dola 2,400. Mpango wake ulikuwa kuipeleka yote Kadi ya 2 kwa sababu ndo yenye deni kubwa, macho yanaenda kwenye namba kubwa. Tukageuza: 1,900 ikaenda kumaliza fanicha kabla ya ile tarehe, 400 ikamaliza duka la nguo. Kwa mstari mmoja ile riba ya 731 ikafa bila kulipwa, na ingeendelea ingekaribia 950 mpaka tarehe ya mwisho. Hakuna mahali pengine ile 1,900 ingefanya kazi kubwa hivyo.

*Kuunganisha yaliyobaki.* Zikabaki 4,800, 2,300 na 3,600, jumla 10,700. Njia zilikuwa tatu. Kuhamishia kwenye kadi mpya ya 0%, wanakukata ada ya 3% mpaka 5% na muda mara nyingi miezi 12 mpaka 21, nzuri sana kwa mwenye skoa nzuri, ila kwa mtu wa 648 mwenye 65% ya limiti imeliwa hata wakimkubali watampa limiti ndogo, na kwake ingekuwa kadi ya saba mkononi. Mkopo wa mtandaoni, alipata ofa ya 23.9% pamoja na ada ya 7% inayokatwa juu kabla hujaiona pesa, hapo unahamisha deni toka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia na unamlipa mtu nauli. Ya tatu krediti yunioni, hizi ni SACCO zao, wanachama ndo wenye chombo, na zile za ngazi ya taifa riba ya mkopo ina kikomo cha 18%. Alijiunga kwa hisa ya dola 5.

Aliomba 10,700 wakampa 8,500, riba 13.5%, miezi 36, bila ada ya kuanzia. Marejesho dola 288 na ushee kwa mwezi. Alikasirika kwamba wamemkata, mimi nilidhani ni sawa tu, mana 8,500 inafuta kadi ya 2 na ya 6 kabisa na inabakiza kama mia, na Kadi ya 3 peke yake mtu anaweza kuishughulikia. Riba ya zile mbili ilikuwa kama dola 184 kwa mwezi, kwenye mkopo mwezi wa kwanza ilikuwa kama 96.

Kulikuwa na njia ya nne ambayo hatukuihitaji ila niiseme kwa ambaye krediti yunioni itamkatalia: washauri wa madeni wasio wa faida, wanaongea na benki riba ishuke, unalipa kupitia kwao miaka mitatu mpaka mitano. Kadi zako kwa kawaida zinafungwa, ila ile alama tu ya kwamba uko kwenye mpango FICO haiihesabu vibaya. Sio aibu na sio kitu kimoja na ile kampuni ya simu, ingawa matangazo yao yanafanana mpaka unaweza kuchanganyikiwa.

*Kadi ya 3, kuishusha badala ya kuifunga.* Ada ya 95 ilikuwa inakuja baada ya miezi mitatu na hasafiri kiasi cha kuirudisha. Kila mtu alimwambia funga. Tukapiga namba ya nyuma ya kadi tukaomba aina ya kadi ibadilishwe iwe ile isiyo na ada ya benki hiyohiyo, akaunti inabaki, umri unabaki, limiti inabaki. Wa kwanza akasema haiwezekani ukiwa na deni. Tukakata simu, tukapiga tena kesho yake, mwingine akasema inawezekana akaibadilisha dakika chache tu. Tuliuliza kabla hajabonyeza kama riba inapanda, ikabaki ileile. Ukipiga wewe uliza hilo, usidhani.

Mambo yalivyokwenda baada ya hapo

Mkopo ulipoingia skoa ilishuka kwanza, 648 ikawa 641. Alinipigia saa tano usiku, "kaka umeniharibia". Ni kawaida, ombi la mkopo linaacha alama kwenye ripoti, inakaa miaka 2 ingawa FICO inaihesabu mwaka mmoja tu, na akaunti mpya inashusha wastani wa umri. Baada ya stetimenti mbili za kadi kutoka, madeni yakiwa yameshuka, ikasoma 706. Kilichotokea sio muujiza: deni la kadi kutoka 13,000 mpaka 2,300 juu ya limiti ileile ya 20,000, ni 11.5%. Deni lililohamia kwenye mkopo wa marejesho halihesabiwi kwenye ile asilimia ya limiti za kadi.

Mwezi wa pili likatokea la kijinga. Kadi ya 6 ililipwa yote katikati ya mzunguko, akaona sifuri kwenye apu, akazima malipo ya otomatiki, akaisahau. Riba ya zile siku kati ya stetimenti ya mwisho na siku ya malipo ikaja kwenye stetimenti inayofuata, dola 41. Hakuifungua barua pepe, siku ya kulipa ikapita, wakamchaji fii ya kuchelewa. Bahati yake aligundua kabla ya siku 30, benki hairipoti kuchelewa kabla ya hapo, na alipopiga wakamfutia ile fii. Ingepita siku 30 ingekuwa doa la kwanza kwenye miaka tisa ya kulipa bila kukosea, kwa dola 41.

Mwezi wa tatu, Kadi ya 3 ikiwa imeshuka kwenye 1,700, akafunga zile mbili za maduka. Nilimwambia zinaweza kubaki, yeye akasema kila akiingia lile duka la nguo wanamtajia punguzo la 15% akitumia kadi na anatoka na mifuko mitatu. Limiti ikashuka toka 20,000 mpaka 16,300, matumizi yakawa 10.4% badala ya 8.5%. Skoa ilipungua pointi tatu nne. Basi.

Mwezi wa tano baba yake mdogo akafariki. Tiketi ya ndege dola 1,400 ikaenda Kadi ya 2, hakukuwa na namna, huwezi kumwambia mtu asiende kuzika kwa sababu ya skoa. Jumuiya ya Watanzania pale mjini ilichanga, zikarudi 800, zikabaki 600. Ila katika zile haraka za msiba alituma dola 200 nyumbani kwa apu, na apu ilikuwa bado imeshika Kadi ya 6. Dola 10 za ada na riba ya siku hiyohiyo, palepale alipokuwa ametoka. Akailipa akitoka uwanja wa ndege. Wiki mbili baadaye ndo akasema mwenyewe, hii ya sita naifunga.

Na hapa ndo penye somo la kisa chote kwa maoni yangu. Kwa hesabu ya skoa peke yake haikuwa uamuzi mzuri, limiti ingeshuka mpaka 12,500 na deni lilikuwa 1,900, matumizi yanatoka 11.7% yanakwenda 15.2%. Tuliandika hizo namba mbili kwenye karatasi akaziangalia, akafunga. Skoa ikatoka 699 ikawa 694. Alibadilisha apu ya kutuma pesa ikawa inachukua kwenye akaunti ya benki ya kawaida. Tukahakikisha ripoti inasema akaunti imefungwa kwa ombi la mteja, na balansi sifuri, mana benki zikikosea hapo inakuwa kazi kusahihisha.

Mwezi wa kumi na nne: Kadi ya 3 imeisha, Kadi ya 2 sifuri, ya 1 inalipa ile bili yake ndogo. Apu inasoma 731.

Kilichofanya kazi

Mpangilio. Hakuna hatua hata moja hapa iliyokuwa ya kipekee, kila moja utaisikia kwa mtu, ila zingefanyika kwa mpangilio mwingine zingemuumiza. Chukua tu ushauri wa shemeji na uupeleke baada ya mkopo kuingia: afunge zote abaki na Kadi ya 3 anayoendelea kuilipa. Deni lilelile la 2,300, ila limiti sasa ni 5,000, matumizi 46%. Na akibaki na zote ni 11.5%. Deni halijabadilika hata senti. Watu wakisema kufunga kadi kunaua skoa wanaongelea hiki, wanafunga wakati bado wanadaiwa mahali pengine. Ukiwa na sifuri kila mahali, kufunga kadi moja hakubadilishi asilimia, sifuri ya 20,000 na sifuri ya 12,500 zote ni sifuri.

Na kufunga kadi yenye deni hakusimamishi riba. Nasema hili kwa sababu Mama K alikuwa anaamini hivyo, na sio yeye peke yake. Ukifunga huwezi kutumia tena, lakini deni linaendelea na riba yake mpaka uimalize.

Kingine, pesa za upatu kwenda kwenye deni lenye bomu la tarehe badala ya deni kubwa. Wengi wanabishana ulipe yenye riba kubwa kwanza au ndogo kwanza upate moyo, ni ubishi mzuri, ila kabla ya huo angalia kama kuna kadi yenye tarehe ya kulipuka.

Kilichoshindikana

Ile dola 41 ilikuwa ya kuzuilika. Kadi uliyobeba deni ukiilipa yote, usizime malipo ya otomatiki mpaka zipite stetimenti mbili za sifuri, au piga ujue kiasi cha kumaliza mpaka siku pesa itakapofika.

Kadi ya 6 ilipaswa kufungwa mapema, mwezi wa tatu pamoja na za maduka. Hapa nawapinga wale wa "usifunge kamwe". Kadi iliyokuingiza shimoni na bado imeunganishwa na apu kwenye simu yako, kuisimamisha tu kwenye apu ya benki kwa kubonyeza "zuia" hakutoshi, utaifungua siku ya msiba, kila mtu ataifungua. Pointi tano za skoa zinarudi. Mikopo mingi ya kuunganisha inafeli hapohapo, mtu anasafisha kadi, limiti zinakaa wazi, baada ya mwaka ana mkopo NA kadi zimejaa tena, na sasa anadaiwa mara mbili. Mama K alikaribia.

Skoa ya apu nayo ilimpotosha kidogo. Apu nyingi za bure zinaonyesha VantageScore, skoa ya aina nyingine, wakati wakopeshaji wa nyumba kwa miaka mingi wametumia matoleo ya zamani ya FICO, wanavuta kutoka ripoti zote tatu na kuchukua ile ya katikati. Alienda na 731 kichwani, mkopeshaji akamwonyesha 688, 702 na 715, kwahiyo kwao yeye ni 702. Haikuwa mbaya ila alikuwa ameshahesabu riba ya mtu wa 730.

Afu kuna hili la marejesho. Benki ya nyumba haiangalii skoa tu, inaangalia madeni yako ya kila mwezi dhidi ya kipato, na ile 288 ya krediti yunioni imo humo. Aliidhinishiwa kiasi kidogo kuliko alichotarajia, na hapa mkopo wa miezi 48 wenye marejesho madogo ungeonekana bora kwa karatasi ingawa ungemgharimu riba zaidi. Kwa mikopo inayofuata taratibu za Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba toka kwa wakopeshaji, deni la marejesho likibakiza miezi 10 au pungufu mara nyingi linaweza kuachwa nje ya hesabu hiyo. Mama K amebakiza marejesho 22. Kuufikisha kwenye 10 leo anahitaji kama dola 2,900 juu ya marejesho ya kawaida, na anazo kama 4,000 ambazo ameziweka kwa ajili ya malipo ya mwanzo ya nyumba, kwahiyo amemwomba mkopeshaji ampigie hesabu zote mbili kwa maandishi kabla hajagusa hata senti.